Boksi la kapasita za baipasi za odio: vitu vingi safi, karatasi ya maelekezo ya hovyo

Hili boksi nimelitumia muda wa kutosha kulisemea, jina la aliyelitengeneza naliacha maana maboksi ya hivi yako mengi na yanafanana, ukinunua hili au lile utakuta vitu vilevile ndani. Ni lile la plastiki lenye vyumba vyumba, mfuniko wameuandika kwa herufi za dhahabu kwamba ni kapasita teule za odio, ndani kuna elektrolitiki za 10µF, 100µF, 470µF na 1000µF, kuna filamu nyekundu za 100nF na 1µF, kuna seramiki za 100nF za aina mbili, zile bapa za duara rangi ya udongo na zile ndogo za njano, halafu kuna elektrolitiki chache za kijani ambazo hazina chanya wala hasi. Na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa. Vitu kwanza, karatasi nitaifikia, na nikiifikia mtanivumilia kidogo.

Ila kabla ya kusema kipi kizuri kipi kibaya lazima tujue hizi kapasita za baipasi, zile zinazokaa kwenye njia za umeme za chipu (ndo reli zenyewe), tunazitaka za nini, maana wauzaji wanachanganya watu makusudi. Opampu, yaani chipu ndogo ya kukuza mawimbi, au chipu ya amplifaya inakula umeme kutoka kwenye supply iliyo mbali, labda sentimita 10, labda 30, na hapo katikati kuna waya au njia ya shaba ya bodi. Waya wowote una indaktansi, kwa makadirio ya fundi weka nanohenri 1 kwa kila milimita utakuwa haupo mbali. Kwenye sauti ya kawaida hiyo si kitu, lakini transista zilizo ndani ya chipu hazijui kwamba wewe unasikiliza muziki tu, NE5532 ambayo iko sokoni tangu 1979 ina gain-bandwithi (masafa ambako uwezo wake wa kukuza unaishia) ya 10 MHz, LM4562 iko 55 MHz, kwa hiyo huko juu kwenye megahezi chipu bado iko hai na inafanya kazi, na kila inapovuta mkondo wa ghafla reli inayumba pale pale kwenye mguu wake. Na uwezo wa opampu kupuuza uchafu wa reli, ule wanaouandika kwenye datashiti (karatasi ya kiwanda ya maelezo ya chipu) kama 100 dB, ni wa masafa ya chini, kadri masafa yanavyopanda unaporomoka, kwa kawaida unapoteza 20 dB kila masafa yakizidishwa mara kumi. Sasa reli ikiyumba huku chipu imeshapoteza kinga, kile kinachotoka kinarudi ndani kwa mlango wa nyuma, chipu inaanza kuimba yenyewe huko juu ambako sikio halifiki. Hausikii mluzi. Unachosikia ni sauti kukwaruza, au unagusa chipu unakuta ina joto wakati hata muziki hujaweka, au volti ya DC kwenye output inahama ukisogeza mkono karibu.

Ndo maana unakutana na mtu ametoa TL072 kwenye soketi akaweka LM4562, akaja kulalamika kwamba sauti imekuwa kali na inachosha. TL072 ya asili ni 3 MHz, inavumilia bodi mbovu. Hiyo nyingine haivumilii.

Kapasita kubwa ya kwenye supply ni ghala la mjini, hii ndogo ya mguuni ni genge la jirani, ukiishiwa chumvi usiku huendi ghalani. Basi. Ukielewa hivyo mengine yote ni umbali na njia ya kurudi, na hapo ndipo karatasi ya hili boksi inapopotosha watu.

Twende kwenye seramiki sasa. Zile za duara za rangi ya udongo zimeandikwa 104 na chini yake herufi Z. Tarakimu mbili za mwanzo ni namba yenyewe, ya tatu ni idadi ya sifuri, jibu liko kwenye pikofaradi, kwa hiyo 104 ni pF 100,000, yaani 100nF. Ile Z ndo yenye stori, maana yake kiwango kinaruhusiwa kuzidi kwa asilimia 80 au kupungua kwa asilimia 20, na huo ni ukiwa kwenye joto la kawaida. Vitu vya namna hii kwa kawaida ni vya kundi la Y5V au Z5U. Y5V kwa sheria yake yenyewe inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ndani ya nyuzi -30 hadi +85. Jaribu mwenyewe: ibane kwenye mita ya kupimia kapasita, sogeza ncha ya kisu cha solda (kile cha moto cha kulehemea) karibu bila kuigusa, angalia namba inavyoporomoka kama sio kitu kimoja na ulichobana mwanzo. Yangu ilianza juu ya 100nF na ilipopata joto la maana ikashuka chini ya nusu, nikaondoa kisu ikapanda tena taratibu. Sasa kitu cha hivi unaenda kukiweka pembeni ya hitisinki ya amplifaya, ambako joto ni la kila siku, utasema una 100nF wakati huna.

Zile ndogo za njano ndo mali ya hili boksi. Zimeandikwa 104K, ile K ni asilimia 10 juu au chini, na ukizipa jaribio lilelile la kisu zinasogea kidogo tu, ni tabia ya X7R ambayo inatakiwa kukaa ndani ya asilimia 15 kutoka nyuzi -55 mpaka 125. Ni ndogo, miguu iko karibu karibu, zinaingia popote. Kama wangeuza boksi la hizo peke yake ningelinunua bila kuuliza.

Najua kuna watu wakisikia seramiki kwenye odio wanakunja uso. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli ila wameipeleka pasipohusika. Seramiki za X7R na za chini yake kiwango chake kinabadilika kadri volti iliyo juu yake inavyobadilika, kwa hiyo ukiiweka kwenye njia ya muziki, tuseme kwenye filta au kati ya stepu moja na nyingine, volti ya muziki yenyewe inaibadilisha na hapo unapata distoshen ya kweli inayopimika. Pia ni piezo, ukiigonga na penseli inatoa volti. Huko kwenye njia ya muziki weka C0G, seramiki ya aina isiyoyumba, au filamu na hakuna ubishi. Lakini kwenye baipasi, volti iliyo juu yake ni ya DC na haitembei, muziki haupiti humo kwenda popote, kwa hiyo hiyo distoshen itatoka wapi? Cha kuangalia ni kimoja tu, hizi za kubandika juu ya bodi zilizo ndogo sana, zile 10µF saizi ya punje, zikikaa na volti iliyo karibu na kikomo chake zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kiwango. Umenunua 10µF unatumia 4. Chukua saizi kubwa zaidi au yenye volti kubwa zaidi, imeisha.

Filamu nyekundu. Ni nzuri, nimezipima zote ziko kwenye kiwango, miguu milimita 5, zinafanana na zile polyester nyekundu ambazo kila mtu anazijua za WIMA MKS2 ingawa sio zenyewe. Tatizo langu sio kitu, ni maneno waliyoandika kwenye karatasi: "weka filamu sambamba na kila elektrolitiki kwa treble laini zaidi". Hebu tupige hesabu. 100nF kwenye 20 kHz, ambako ndo mwisho wa masikio ya binadamu mwenye bahati, ina ohm 80 hivi. Kwenye 1 kHz ni kama ohm 1,600. Elektrolitiki ya 100µF iliyo pembeni yake kwenye 1 kHz ina ohm 1.6, na kwenye 20 kHz imeshafika kwenye ESR yake (ukinzani wake wa ndani), sehemu ndogo ya ohm. Sasa mkondo wa treble upite kwenye ohm 80 uache njia yenye sehemu ya ohm? Haupiti. Hiyo 100nF kwenye masafa ya muziki ni kama haipo, kazi yake iko megahezi. Mtu akisema aliongeza 100nF na treble ikabadilika, ama chipu ilikuwa inatetemeka kimyakimya ikaacha, na hapo kweli sauti itabadilika, ama anasikia anachotaka kusikia.

Na kuna upande mbaya ambao karatasi haiutaji kabisa. Kapasita mbili sambamba zenye indaktansi katikati yake zinaweza kugeuka kuwa saketi ya mrindimo. Chukua 100nF hiyo nzuri isiyo na hasara, elektrolitiki ya ESR ndogo ikae sentimita 10 huko, kati yao una kama nanohenri 100. Piga hesabu, inarindima kwenye 1.6 MHz hivi, ukinzani wake wa asili ni ohm 1, na kama ESR ya elektrolitiki ni 0.05 tu basi hakuna cha kuutuliza, pale kwenye 1.6 MHz reli yako inakuwa mbaya mara nyingi kuliko ungeacha elektrolitiki peke yake. Yaani umeongeza kitu cha ubora ukapata kilima. Dawa yake sio ngumu, fupisha njia ili indaktansi ipungue, au weka elektrolitiki ya kawaida kabisa ya 10µF mpaka 47µF palepale karibu na chipu, isiyo ya ESR ndogo, maana hapo ESR kidogo ni rafiki, inameza ule mrindimo. Wengine wanaweka rezista ya ohm 1 mfululizo na kapasita moja, nayo inafanya kazi. Ndo maana zile 10µF za bei ya chini kwenye hili boksi, ambazo mtu wa odio atazipita kama hazioni, mimi zimeniishia kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa karatasi yenyewe. Ina mchoro wa kupendeza wa supply, transfoma, daiodi, kapasita mbili kubwa, na filamu nyekundu zimechorwa juu ya hizo kubwa, mshale unasema ndo baipasi. Bodi ya amplifaya iko upande wa pili wa mchoro, imeunganishwa kwa waya tatu ndefu, na kwenye chipu hakuna kitu. Hakuna hata kimoja! Hapo ndo nilipoiweka pembeni. Kapasita ya 100nF yenye sentimita 6 za waya kufika kwenye chipu inaacha kuwa kapasita ikivuka 2 MHz hivi, kuanzia hapo ni koili, ikifika 10 MHz njia hiyo ina karibu ohm 4 ya koili tupu. Ile ile ikiwa mguuni kwa jumla ya nanohenri 5 iko chini ya nusu ohm. Seramiki ya njano isiyo na jina iliyo mguuni inaishinda filamu ya kifahari iliyo kule kwenye supply, na sio kwa kidogo.

Nina bodi moja ya LM3886, chipu ya amplifaya ya spika, niliyoitumia kupima haya, kapasita zake za 100nF mchoraji alizipeleka pembeni ya bodi ili zipange mstari mzuri na elektrolitiki, inapendeza kwa macho. Kwenye oskiloskopu, wimbi la 1 kHz likisukuma ohm 8, nusu ya juu safi, nusu ya chini ina unyoya, ukipanua unaona ni mtetemo wa megahezi umepanda juu ya wimbi. Nikalehemu seramiki ya njano upande wa chini wa bodi, moja kwa moja kutoka mguu wa reli hasi kwenda graundi ya karibu, miguu nimeikata mpaka karibu na mwili. Unyoya ukaondoka. Nikaitoa, ukarudi. Nikaweka filamu nyekundu mahali palepale pa seramiki, ukaondoka vilevile. Kwa hiyo seramiki au filamu hapo haikuleta tofauti yoyote, mahali ndo palileta.

Datashiti ya LM3886 yenyewe inasema wazi, inataka seramiki ya 0.1µF, inataka elektrolitiki au tantalum ya 10µF au zaidi, na inasema pia kwamba kwenye miguu ya chipu pawepo 470µF au zaidi, kwa sababu mkondo wa reli ni nusu nusu ya mkondo wa spika na ukirudi ndani unaleta distoshen kwenye masafa ya juu. Sasa hili boksi lina 470µF ndio, ila ni za volti 25. Zile wati 68 za spika ya ohm 4 ambazo datashiti inazitangaza zinapatikana kwa reli za volti 28 juu na chini, na transfoma isiyo na mzigo inapanda juu ya hapo. Volti 25 hapo ni kutafuta kulipua kitu. Kwa boksi linalojiita la odio kukosa 470µF za volti 50 ni kasoro kubwa, naikata nyota nzima kwa hilo.

Tubaki hapohapo kwenye mkondo wa nusu nusu kwa sababu ndo sehemu watu wanaharibu hata wakiwa na kapasita sahihi. Amplifaya ya daraja AB reli chanya inabeba nusu za juu tu za wimbi, reli hasi inabeba za chini. Nusu ya wimbi sio wimbi, imejaa hamoniki za namba shufwa, na mkondo huo unapita kwenye kapasita ya baipasi ukashukia graundi. Ukichomeka mguu wa graundi wa hiyo 470µF kwenye graundi ileile ya ingizo, ile ambayo rezista ya kwanza na soketi ya RCA zinaitegemea, umechukua takataka yote ukaimwaga mlangoni mwa muziki, na amplifaya itaikuza kwa uaminifu. Graundi za kapasita za reli zote mbili zikutanishe kwanza, halafu zipeleke kwa waya wake kwenye kituo kimoja cha graundi pale kwenye supply, ingizo liwe na graundi yake tofauti ikutane nao hukohuko. Na waya za supply, ile chanya, ile hasi na graundi, zisokote pamoja, maana zikiwa pamoja zile nusu mbili zinajumlishana kuwa wimbi zima na uga wa sumaku unakuwa msafi, zikiachana kila moja inapiga redio yake ndani ya boksi, na kama waya wa ingizo unapita jirani basi unaidaka. Hakuna kapasita ya dhahabu itakayotibu hilo.

Kwa opampu ndogo mambo ni rahisi zaidi. Opampu mbili ndani ya chipu ya miguu 8, chanya iko mguu wa 8 na hasi iko mguu wa 4, miguu hiyo iko kwenye pembe zinazotazamana, kwa mshazari ni kama milimita 11. Seramiki moja ya njano chini ya bodi kutoka 8 kwenda 4, imekwisha, haigusi graundi kabisa. Hii mimi naipenda kuliko mbili za kwenda graundi kwa sababu haiingizi uchafu wowote kwenye graundi, na opampu nyingi zinazoimba zenyewe zinatulia na hiyo tu. Ila angalia volti, kwenye reli za 15 juu na chini hiyo kapasita inaona 30, kwa hiyo zile njano za volti 50 sawa, ukichukua kitu cha volti 25 unajitafutia. Halafu kwa kila chipu tatu nne weka elektrolitiki jozi ya 47µF au 100µF kwenda graundi, haina haja ya kila chipu na yake.

Kama unachora bodi mwenyewe, njia ya shaba ipite kwenye kapasita kwanza ndo iingie mguuni. Nimeona bodi nyingi njia inaingia mguuni halafu kapasita imening'inia upande wa pili kwa mkia wa sentimita 2, kwenye mchoro wa saketi ni kitu kimoja, kwenye bodi sio. Na upande wa graundi uhesabu vilevile kama upande wa reli, mkondo lazima urudi, watu wanapima umbali wa upande mmoja wanajisifu wakati graundi imezunguka bodi nzima.

Elektrolitiki kubwa, zile 1000µF. Nilikuwa na wasiwasi nazo kwa sababu kuna mchezo unajulikana wa kuchukua kapasita ndogo na kuifungia ndani ya kopo kubwa, unapata kitu kizito kwa macho na chepesi mkononi. Nikapasua moja. Ilikuwa imejaa vizuri, karatasi imelowa, hakuna ujanja. Kipimo kiko chini kidogo ya 1000 ndani ya asilimia 20 inayoruhusiwa, ESR ya kawaida, sio ya kutisha sio ya kusifia. Zimeandikwa nyuzi 105 na saa 2,000. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10 maisha yanakuwa mara mbili, kwa hiyo kwenye 85 unapata saa 8,000, kwenye 65 unapata 32,000, kwa hiyo isogeze mbali na hitisinki na itakuzika. Hapo kuna mvutano, chipu inataka kapasita iwe karibu, hitisinki nayo inataka kapasita iwe mbali. Seramiki ndo ikae karibu kabisa, elektrolitiki ya 470 isogee sentimita 2 au 3, haidhuriki na umbali huo kwa sababu yeye kazi yake iko kwenye masafa ya chini.

Usizimwage hizo 1000µF kwenye kila opampu lakini. Kama una regulata, chipu ya kushikilia volti isiyumbe, tuseme LM317, ukinzani wake wa kutoka tayari ni mdogo kwenye masafa ya chini, unapanda kadri masafa yanavyopanda, kama koili, na ukimtundikia kapasita kubwa ya ESR ndogo sana unapata tena ule mrindimo niliousema. LM317 inafaidika zaidi na 10µF kwenye mguu wake wa ADJ (wa kupangia volti), hiyo peke yake inapeleka uwezo wa kukataa mngurumo mpaka karibu 80 dB, weka na daiodi ya ulinzi ili supply ikizimwa kapasita isije ikamwaga umeme kupitia ndani ya regulata. Wale wa LM1117 ndo waangalifu zaidi, hiyo datashiti yake inataka ESR ya kapasita ya kutoka iwe kati ya ohm 0.3 na 22, ukimwekea seramiki peke yake yenye ESR karibu na sifuri inaweza kuanza kutetemeka yenyewe. Karatasi ya boksi inasema "ESR ndogo daima ni bora". Daima! Aliyeandika hajawahi kufungua datashiti ya regulata.

Zile za kijani zisizo na upande sijui waliziweka za nini kwenye boksi la baipasi. Ni za njia ya muziki, pale DC haijulikani iko upande gani au haipo, kama kwenye ingizo la amplifaya. Kwenye reli upande unajulikana siku zote, hakuna faida yoyote, na kwa kiwango kilekile ni kubwa zaidi kwa umbo. Rangi ya kijani ni ya kumkumbusha mtu zile Muse ES za Nichicon nadhani. Nimezitunza, ni kapasita sawa tu, ila hazikutakiwa kula nafasi ya 470µF za volti 50.

Kuna kitu kingine kimekosekana na kwa sasa kinahitajika kuliko zamani, seramiki za 1µF na 2.2µF. Ukiwa na bodi ya DAC (chipu ya kugeuza dijitali kuwa sauti) ya PCM5102A kwa mfano, ndani yake kuna pampu ya kutengeneza volti hasi, inataka 2.2µF kwenye miguu yake na nyingine kwenye VNEG, mguu wa hiyo volti hasi, zikiwa karibu kabisa, na hiyo sio mapambo, bila hizo haifanyi kazi inavyotakiwa. Chipu za dijitali kila mguu wa supply unataka yake, usifikirie moja itagawana.

Kwa hiyo kama huna kabisa kitu mezani na unaanza kulehemu opampu, chukua, njano na 10µF na filamu peke yake zinalipa. Kama unajenga amplifaya ya spika usilichukue hili, nunua seramiki za X7R za volti 50 au 100 kwa pakiti, elektrolitiki za volti 50 kutoka kwa mtu anayeuza Panasonic au Nichicon au Rubycon za kweli, utabaki na vitu unavyotumia vyote. Nyota 3 kati ya 5, moja imeondoka na zile volti 25, nyingine imeondoka na karatasi. Zile za duara za 104Z nimezitenga kwenye kifuko, nazilehemu kwenye mota ndogo za DC kuzima kelele za brashi, huko hakuna anayejali kama ni 100nF au 40.